Mfadhili wa Chuo Kikuu

Mwaka mmoja kabla mke wangu hajafariki, nilisimama kanisani wakati wa ushuhuda nikatangaza kwamba amekuwa mfadhili. Nilikuwa nimevaa suti. Nikasema, "Sisi tuliokula mahindi ya wafadhili miaka yote ile, leo nyumba yetu imetoa mfadhili. Tena wa chuo kikuu!" Watu wakaitikia amina. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa kanisa, Mkongo, alinishika mkono kwa mikono yake miwili kana kwamba mimi ndiye niliyetoa. Mke wangu alikuwa ameketi safu ya tatu, ameinamisha kichwa, mabega yanatetemeka. Nilidhani Roho amemshukia. Alikuwa anacheka.

Alichokuwa amekitoa ni mwili wake. Alikuwa amejiandikisha kwamba akifa apelekwe chuo kikuu, wanafunzi wa udaktari wampasue ili wajifunze mwanadamu ameumbwaje ndani. Fomu ilikuwa na sahihi yangu chini, kubwa, yenye mkia. Mimi nilikuja kulijua jambo hilo siku aliyokufa, na nilipewa mpaka kesho yake saa sita mchana niseme kama namtoa au namzika.

Nieleze nilivyofika hapo, maana mtu mwenye akili zake hafiki.

Sisi ni Warundi. Tulioana kambini, Tanzania, na huko neno wafadhili lilikuwa kama jina la mvua. Mahindi yakija, wafadhili wameleta. Mahindi yakipungua, kiongozi wa kijiji anapita na kipaza sauti: "Wafadhili wamechoka." Wafadhili wenyewe walikuja kwenye magari meupe, wakakaa nusu saa. Kabla hawajafika tuliambiwa tufagie, tuwavishe watoto nguo safi, tupange mstari, tuimbe. Sikuwahi kujua wanatoka wapi wala wanachoka kwa nini. Nilijua tu kwamba duniani kuna watu wa aina mbili, wafadhili na sisi, na kwamba mtu hahami kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Tulipoletwa Sydney tulipata nyumba Minto. Mimi nikapata kazi kiwanda cha nyama kule Ingleburn, kutenganisha nyama na mifupa. Mke wangu akasomea uangalizi wa wazee, akaajiriwa katika nyumba moja ya wazee Campbelltown. Kati ya wazee wake kulikuwa na bibi mmoja aliyewahi kuwa mwalimu, naye mke wangu akamwogesha na kumlisha miaka minne. Bibi huyo alipokufa hakuzikwa. Alikwenda chuo kikuu. Mke wangu alirudi nyumbani na habari hiyo kichwani, na baada ya wiki chache akarudi na fomu mkononi.

Nilikuwa nimetoka zamu, nimekaa na miguu yangu ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi.

"Mzee wangu," akasema, "nataka kuwa dona."

"Dona? Unga?"

"Acha mchezo. Dona wa chuo kikuu. Kama yule bibi yangu. Unajua wanafanyaje? Wao—"

"Mimi unifundishe habari za wafadhili?" nikamkatiza. "Mimi niliyewaimbia?"

Nikaanza. Nikamweleza wafadhili ni nani, jinsi mtu aliyepokea anavyopaswa naye kutoa, jinsi jina letu litakavyoandikwa ukutani kwa herufi za dhahabu. Niliongea mpaka maji ya beseni yakapoa. Alisubiri. Yeye alikuwa mtu wa kusubiri. Nilipomaliza akaniuliza, "Lakini umeelewa?"

Nikajibu, "Nipe kalamu."

Sikuisoma. Kiingereza changu ni cha kiwandani: haraka, polepole, simama, damu, baridi. Fomu ilikuwa na kurasa nne. Ningemwambia anisomee, lakini mwanamume aliyetoka kutoa hotuba kuhusu ufadhili hawezi tena kuomba asomewe. Nikatia sahihi pale alipoweka kidole. Jumapili iliyofuata nikavaa suti.

Kwa nini hakunisahihisha baada ya kanisa, sijui. Njiani aliniambia tu, "Umesema vizuri," akageukia dirisha la gari, mabega yakaanza tena.

Alifariki Jumanne asubuhi. Mshipa ulipasuka kichwani akiwa kazini, anambadilishia mzee shuka. Nilipofika hospitali hakuwepo tena, ila mwili. Sitaandika zaidi hapo.

Tulirudi nyumbani mimi na binti yetu. Kabla ya saa tano simu ililia, sauti ya mama mmoja wa Kizungu, ya upole sana, akanipa pole. Alisema anatoka chuo kikuu na kwamba mke wangu alikuwa dona wao. Nilisikia neno hilo nikaona haya kwa niaba yao. Maiti haijapoa, wanadai! Nikajikaza. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba kama marehemu alikuwa ameahidi kitu, sisi tutakitoa chote, ila watupe nafasi tumzike kwanza.

Mama yule akaanza kunieleza upya, polepole. 

Binti yangu akaninyang'anya simu, akaongea, akasikiliza, akakata. Anasoma udaktari wa mifugo, mwaka wa pili. Anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, nami humjibu kwa Kiswahili, tunaishi hivyo. Siku hiyo alilazimika mwenyewe kutafuta maneno ya Kiswahili ili yanifikie.

"Baba, kitu chenyewe ni Mama. Mama ndiye zawadi."

"Zawadi gani?"

"Mwili. Wanafunzi watajifunza. Si ulisaini?"

"Nilisaini."

"Mimi nilidhani unajua. Ulitangaza kanisani!"

Kisha akanieleza masharti. Kwa sheria yao fomu ilikuwa kamili, lakini familia ikikataa hawamchukui. Neno langu ndilo litakaloamua, na mwili hausubiri. Kesho saa sita mchana.

Mchana ule nyumba ilijaa. Viatu vilijaa mlangoni mpaka kwenye nyasi. Viti vya kanisa vililetwa, akina mama wakaanza kuosha mchele, na yule mzee wa kanisa aliyenishika mkono siku ya ushuhuda akaja na daftari ili tupange mazishi: siku, nyimbo, nani atamwosha na kumvisha. Nikamwita pembeni, karibu na mashine ya kufulia, nikamwambia ukweli wote. Alinitazama kama mtu anayetafsiri kichwani.

"Papa, unasema nini? Wamkate?"

"Ndiyo alivyoandika."

"Hapana, hapana, hapana. Sisi tumekimbia mapanga kule, tuje tukatwe huku kwa fomu?"

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuhubiri bila kipaza sauti. Nyumba nzima ikasikia. Jirani yetu mmoja, mama aliyekuwa akiniita shemeji kwa mzaha miaka yote, akatokea na kijiko cha mbao mkononi.

"Shemeji, kwa hiyo siku ile tulipiga vigelegele vya nini?"

"Mimi pia sikujua."

"Hukujua? Na suti ile yote?"

Hapo niliamua kimoyomoyo kukataa. Nitakuwa mkweli: sikuamua kwa sababu ya mapenzi, wala kwa sababu ya siku ya ufufuo. Niliamua kwa sababu ya aibu. Nikimzika, habari itaisha baada ya wiki mbili. Nikimtoa, kila Jumapili nitakuwa yule mwanamume aliyeshangilia asichokijua.

Kulikuwa na sababu nyingine, nayo ni mbaya zaidi. Nimekata nyama miaka kumi na moja. Mkono wa kondoo, yaani mguu wake wa mbele, ukija kwangu kwenye mkanda wa mashine, natia kisu, nazungusha, navuta mfupa, naitupa nyama kushoto na mfupa kulia kabla hujamaliza kusema Baba Yetu. Mimi ni hodari, hata msimamizi wangu ambaye hasifu mtu anakiri. Kwa hiyo nilipofumba macho kuwawazia wale wanafunzi, sikuwaona wanafunzi. Nilijiona mimi, na glavu yangu ya chuma, na mkanda unakuja.

Binti yangu alinikuta nimesimama uani, nimeegemea tangi la maji. Nikamwambia nimekataa, apige simu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu naijua kazi yenyewe."

"Huijui."

"Mimi? Mimi sijui kukata?"

 Alinishika mkono wa shati kama mtoto wa miaka sita akaniingiza jikoni, akawaomba akina mama watupishe kidogo. Wakatoka wakidhani tunakwenda kulia. Akafungua friji, akatoa mkono wa kondoo niliokuwa nimeuleta kutoka kazini jana yake, akauweka kwenye ubao, upande wa ndani ukiangalia juu. Kisha akaleta mkoba wake mdogo wa shule: mkasi mwembamba, kibano, na kisu chenye makali madogo kuliko ukucha wangu wa kidole gumba.

"Hicho ndicho wanachotumia?" nikauliza.

"Hiki."

"Watazeeka."

Akaanza. Sijawahi kuona kazi ya kipumbavu kama ile. Mahali ambapo mimi ningekuwa nimeshamaliza, yeye alikuwa bado anatazama. Kisu hakukitumia sana. Alichofanya ni kuingiza ncha ya mkasi ikiwa imefungwa, halafu akaifungua ndani ya nyama taratibu, ili nyama iachane yenyewe pale inapotaka kuachana. Alibandua utando mmoja mweupe, mwembamba kama ngozi ya kitunguu, akaulaza kando bila kuuchana. Nikashindwa kuvumilia.

"Kata hapo."

"Hapana."

"Hapo! Kisu kimelala usingizi."

"Baba, tulia."

Mama wa kijiko akachungulia mlangoni. "Nyama bado? Watu wameanza kula mchele mtupu."

"Bado, Mama," binti akajibu bila kuinua macho.

"Mnaipika au mnaiombea?"

Akaondoka. Tukaendelea. Au yeye aliendelea, mimi nilishika taa ya simu. Aliponiita niangalie, kulikuwa na nyuzi nne tano nyeupe upande ule wa kwapani, zimekatwa vichwa. Akasema zinatoka shingoni, zinaingia mguuni kupitia kwapa, na kwamba vichwa vyake vimekatwa na msumeno wa kiwanda chetu. Akachagua mmoja, akaufuata. Sentimita, sentimita nyingine. Ulipopita chini ya msuli, aliuinua msuli. Ulipogawanyika, aliifuata njia ya kwanza, akarudi, akaifuata ya pili. Mwishowe aliuinua wote kwa ncha ya kibano, ukaning'inia, mweupe, unang'aa kidogo, kama uzi wa kufumia uliolowa.

"Huu," akasema, "ndio unaouambia mguu wa kondoo usimame."

Nilikuwa nimeukata uzi ule kila siku ya kazi kwa miaka kumi na moja. Sikujua upo. Nilikuwa nadhani ni uchafu unaokwama kwenye kisu.

"Na wao watafanya hivi? Kwa Mama?"

"Hivi. Mwaka mzima, au zaidi. Mkono mmoja unaweza kuchukua wiki na wiki."

"Na uso?"

Akaweka kibano chini. Sikuuliza kwa ushujaa, neno lilinitoka tu.

"Wanaufunika," akasema. "Mpaka zamu yake ifike. Mwalimu wetu alitwambia hata mbwa tunayempasua tusimcheke. Kuna mmoja alicheka akatolewa nje."

Nikamwomba kisu. Nilitaka kuonyesha kwamba na mimi naweza, ni tabia yangu. Alinipa, akanielekeza niufuate uzi wa pili, ule wa pembeni. Mkono wangu, ambao kiwandani hauulizi swali, ulikishika kisu kile kama kalamu. Nilisogeza kisu kidogo tu. Uzi ukakatika, tup.

"Umefeli," binti yangu akasema.

Akacheka. Na mimi nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kisha kile kicheko kikageuka katikati kama gari linalokosa njia, tukabaki tumeinamia ule mkono wa kondoo tunalia, tukaulowesha. Waliokuwa sebuleni wakaanza kuimba wakidhani ndio wakati wake.

Sikupata ufunuo wowote. Niliangalia saa ya ukutani tu. Tulikuwa tumekaa jikoni kwa muda wa saa moja na nusu, na binti yangu alikuwa amepita urefu wa kiganja. Nikawaza kwamba kuna vijana nisiowajua ambao watakaa na mke wangu mwaka mzima bila haraka, waangalie kila anakopita na kila anakogawanyika, na wakikosa watarudi waanze tena. Mimi nilikaa naye miaka ishirini na miwili, na siku aliyotaka kuniambia jambo kubwa kuliko yote sikuweza kumwacha amalize sentensi. Kama ningenyamaza dakika mbili, miguu yangu ikiwa ndani ya beseni, angeniambia. Alikuwa ameshaanza. Alikuwa amesema "Wao."

Asubuhi yake nilipiga simu mwenyewe. Binti alitaka anisaidie nikamkatalia. Nilisema, "Mimi ni mume wake. Mchukueni." Yule mama wa upole akaniuliza mara mbili kama nina hakika, akaniuliza kama nitataka majivu yake wakimaliza. Nikasema nataka. Akaniuliza kama nina swali. Nilikuwa na maswali mengi, lakini yote yalikuwa kwa Kirundi. Nikauliza naweza kumwona kwanza. Akasema naweza, mpaka gari lifike.

Nilikaa naye karibu saa nzima. Nilijitahidi kutoongea. Nilishindwa mara mbili.

Kisha nikarudi Minto kuwaambia watu. Nilisimama katikati ya sebule, safari hii nikiwa na shati la juzi, nikawaambia kwamba niliwadanganya kanisani bila kujua, kwamba mke wangu alijua anachokitoa na mimi sikujua, na kwamba nimemtoa. Hakuna aliyesema amina. Mzee wa kanisa alikaa na daftari lake magotini muda mrefu, analifunga na kulifungua.

"Ibada tutafanya bila sanduku?"

"Bila sanduku."

"Tutaweka nini mbele?"

"Picha."

"Sikubaliani nawe, papa. Hilo ulijue."

"Nimelijua."

"Haya." Akaandika kitu. "Picha. Lakini hotuba usitoe wewe."

Sikutoa. Alitoa binti yangu, kwa Kiingereza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikaa nikasikiliza hotuba nzima ya mtu mwingine, ingawa nusu yake sikuielewa. Ule mkono wa kondoo ulishapikwa na kuliwa. Jirani wa kijiko alisema nyama ilikuwa laini ajabu, akataka kujua siri.

Sasa umepita mwaka na miezi michache. Kaburi sina. Wengine wakienda kuwatembelea wafu wao na maua, mimi hupanda treni kwenda kazini kama kawaida, na kazini nimeharibika. Mkono wa kondoo ukija, najikuta naugeuza upande wa ndani nitafute zile nyuzi, na nyama inarundikana nyuma yangu mpaka msimamizi anapiga filimbi. Ameniuliza kama macho yangu yana shida. Nimemwambia ni uzee. Mwezi uliopita akanihamishia kwenye kufunga maboksi, mahali wanapopelekwa wageni na wanaokaribia kustaafu. Nafunga vibaya pia.

Kanisani mzee bado hakubaliani nami, lakini ananisalimia. Akina mama ndio waliobadilika. Mwanzoni walinikwepa. Kisha siku moja jirani wa kijiko aliniuliza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa, habari za mke wangu. Tangu hapo imekuwa kama salamu. Jumapili iliyopita, tukiwa tumesimama nje na vikombe vya chai, alinijia tena.

"Shemeji. Bado wanamsoma?"

"Bado."

"Mpaka leo?"

"Chuo hawajapiga simu."

Akapuliza chai yake, akafikiri.

"Yule alikuwa na mengi," akasema. "Waache wamsome."